Mbega wa Amani wananikimbia mimi, wabeba kuni wanapita chini yao. Tatizo ni nini?

#1 Chumbageni
Wakuu kwema. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 70 hadi 300, na siku za mapumziko napanda msitu wa hifadhi wa Amani, milima ya Usambara, kutokea Tanga mjini kupiga picha za wanyama. Ile njia ya kutoka Zigi kwenda juu mbega wapo, alfajiri unawasikia wakikoroma bondeni. Nikiwaona nainama, nanyata, sipumui kwa nguvu, simu nimeizima. Nikifika kama mita 50 dume anaguna, kundi zima linaruka, nabaki na picha za matawi yanayotikisika.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Dakika chache baadaye wanapita kina mama na mizigo ya kuni kichwani, wanaongea kwa sauti, nyuma yao watoto wa shule wanarushiana mapera. Mbega wamekaa juu yao, mikia inaning'inia, hawana habari.

Nimebadilisha nguo, nimeacha manukato, bado. Ni nguo, ni harufu, ni kamera, au nina gundu?

#2 Mtoto wa Ngamiani
Gundu hilo. Kaoge maji ya bahari Raskazone halafu urudi.

Uzi bila picha haunogi, tuwekee hata hayo matawi.

#3 Mkwamkoro
Mimi nimekulia kwenye laini za chai huku juu, hao mbega ni majirani. Jibu umeliandika mwenyewe: umeinama, unanyata, umenyamaza. Nani mwingine anaingia msituni kwa mtindo huo? Chui na mwindaji. Zamani ngozi za mbega zilikuwa biashara, na watu wa mitego na mbwa mpaka leo hawajaisha kabisa.

Mama wa kuni anasikika tangu mbali, ana mwendo mmoja, haangalii juu, anapita. Wewe unasimama, unachungulia, unasogea, unasimama tena. Hata mimi ningekimbia.

Fanya hivi. Tembea wima, ongea, kohoa. Wapite kabisa. Mbele kidogo kaa chini ubavu ubavu, toa muhogo wako ule. Usiwakazie macho. Wakianza tena kutafuna majani, pandisha kamera pole pole, na ukishaipandisha iache hapo hapo usoni. Kuishusha na kuipandisha ndiko kunakowatia wasiwasi.

#4 FundiLenzi
Mkwamkoro kasema kweli ila kaficha jambo moja. Mama wa kuni hana lenzi. Kioo cha duara kinachomwelekea mnyama ni jicho kubwa, tena lisilopepesa. Mimi nimewaona kima wakinivumilia nikiwa nimeshika darubini kifuani. Nikiiweka machoni tu, wanahama.

Halafu chumbageni, hata wakitulia picha itakusumbua. Mbega ni mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani. Akijaza fremu, kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, ule weupe unaungua unakuwa karatasi. Punguza mwanga hatua 1 kwenye kamera. Akiwa juu ya tawi na mbingu nyeupe nyuma yake, mambo yanageuka: kamera inatia giza, unapata kivuli chenye mkia. Hapo ongeza hatua 1 au hata 2.

Dawa nzuri zaidi ni miguu yako. Amani ni milima. Tafuta mahali barabara inapita juu ya bonde, ili vilele vya miti vya chini viwe usawa wa macho yako. Unapiga mbega uso kwa uso, nyuma yake kuna kijani badala ya mbingu. Na kwa mtazamo wa mbega, hujasimama chini yake ukimwangalia tumbo.

#5 Kusi na Kaskazi
Nyote mnazunguka mbuyu. Ni upepo. Mlimani mchana jua likipasha mabonde hewa inapanda, jioni ikipoa inashuka. Jamaa anaanza Zigi asubuhi, kadiri jua linavyochomoza harufu yake inatangulia kupanda mbele yake. Anafika mbega wameshasoma wasifu wake wote, hadi alichokula jana. Ashuke kutoka juu asubuhi, apande jioni, aje aniambie.

#6 Mwalimu wa Zamu
Namba 5, kwa tembo, nguruwe na jamii ya swala nakupa maksi zote. Kwa mbega hapana. Kwa mbega, kima na nyani jicho ndilo linalotangulia, na wanaona rangi karibu sawa na sisi. Nyekundu kwao ni nyekundu. Kuro na tohe nyekundu na kijani haviwatofautikii sana, lakini pua na masikio yao ni hatari. Ndege wanatuzidi wote, wanaona hadi mwanga wa urujuanimno, ambao sisi hatuuoni.

Na kuna nadharia hamjaigusa. Msituni mbega hakai peke yake, mara nyingi kima wapo karibu, na kima ni mpayukaji. Akikuona akalia, mbega hangoji kuuliza. Huenda mbega hajawahi hata kukutazama. Juu kuna yule tai mkubwa mwenye kishungi anayekula kima na mbega wachanga, kwa hiyo kila mlio wa hofu wanauchukulia kwa uzito. Kabla hujamtafuta mbega, angalia kima yuko wapi.

#7 Kusi na Kaskazi
Mwalimu, harufu ya mbwa je? Mtu akiwa anafuga mbwa nyumbani, nguo zake zinanuka mbwa, na huko msituni mbwa ni wa wawindaji.

#8 Chumbageni
Sifugi mbwa jamani. Asanteni, naandika yote kwenye daftari.

Kuhusu nguo: nimeona soko la mitumba kuna jaketi zile za mabaka mabaka ya kijani na kahawia, bei ya kawaida tu. Wapiga picha wa nje wote wanavaa hizo. Ninunue?

#9 Mgambo Mstaafu
USINUNUE. Bongo raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala kitu kinachofanana nazo. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe. Utamkwepa mbega, hutamkwepa mjeda pale stendi ya Muheza. Utarushwa kichurachura na kamera shingoni.

Vaa kahawia iliyopauka, kijivu au kijani cha zeituni isiyo na mabaka. Kinachokuuza ni uso na viganja, vinamweka unaponyanyua mikono. Kofia ya pama na mikono mirefu inatosha.

#10 Suka wa Saadani
Na ukija kwetu usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Nimeshabeba mgeni aliyevaa jinzi mpya, alirudi kageuka kitafunwa.

Kwa swali la mleta mada, mimi naona mnadharau umbo. Ndani ya gari kuro ananiangalia mita 20, anatafuna, anageuka zake. Mtu afungue mlango aweke mguu mmoja chini, kuro huyo vichakani. Harufu ile ile, kelele nimezipunguza, rangi ile ile. Kilichozidi ni umbo la mtu mwenye miguu 2. Umbo likikatika katikati na mlango au kichaka, mnyama anakosa cha kutambua. Kwa hiyo msituni kaa na mti mgongoni, usiwe peke yako kwenye uwazi wa njia.

Ya gari ni rahisi: zima injini mapema, acha gari litembee lenyewe hadi lisimame. Kuzima injini ukiwa mbele ya mnyama kunamshtua kuliko kuiacha ikinguruma. Lenzi iweke juu ya mfuko wa maharage dirishani. Boti ya Mto Wami vile vile, nahodha anazima mashine juu ya mkondo, mnateremka na maji. Furukombe anabaki tawini, mdiria anaendelea na samaki wake. Viboko hao usiwasogelee hata kama nadharia zako zote zimekubali.

#11 Mtoto wa Ngamiani
Suka, Saadani si pori la akiba? Nani kakuruhusu kuzungusha wageni?

#12 Suka wa Saadani
Hiyo ni ya zamani kijana. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kushuka kutembea ni mpaka uwe na askari mwenye silaha, na kuacha barabara kufuata simba hairuhusiwi.

#13 Binti Muheza
Sikubali la umbo. Mama wa kuni naye ana miguu 2, tena kichwani ana mzigo wa mita 2. Mbona hakimbiwi?

#14 Suka wa Saadani
Na huo mzigo ndio unaovunja umbo. Umenisaidia dada.

#15 Binti Muheza
Na watoto wa mapera? Au mapera nayo yanavunja umbo?

#16 Mkaole
Nacheka hapa Bagamoyo. Ninyi wa milimani mnahangaika kumfuata mnyama, sisi tunamngoja aletwe. Kwenye matope karibu na mikoko, maji yakipwa ndege wametawanyika mbali huko wanachokoa kaa na minyoo, huwapati hata ufanyeje, matope yenyewe magotini. Maji yakianza kujaa yanawasukuma kidogo kidogo kuelekea ufukweni. Wewe unatakiwa uwe umeshakaa kabla. Kaa chini, tandika kiroba, usitikisike. Kitwitwi wanakuja hadi unaona mchanga uliogandia kwenye midomo yao. Sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, ndiye mjanja, anakaa nyuma, anapiga filimbi wote wanaruka.

Na raha ya pwani yetu: siku za bamvua, yale maji makubwa, yanajaa kama saa 10 au saa 11 jioni. Bagamoyo bahari iko mashariki, jua liko mgongoni kwako, mwanga wa dhahabu unawapiga ndege usoni. Nani anataka kupanda mlima?

#17 Nahodha wa Pangani
Mkaole umesema vizuri lakini ongeza neno asije mtu akaenda siku yoyote. Hiyo ni bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu, ya nusu mwezi, hayafuniki matope yote, ndege hana sababu ya kukusogelea, na tena kujaa kunaangukia asubuhi ya jua kali, mbele ya macho. Bamvua huku kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ndiyo nguvu ya kuwasukuma. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana usiiamini kesho.

Halafu umesahau upepo. Ndege akitua anaelekeza kifua kwenye upepo. Jioni upepo unatoka baharini. Jua liko nyuma yako ndiyo, lakini ndege wote wamekupa mkia.

#18 Mkaole
Daah. Hilo la mkia ni kweli, nina folda nzima. Ninachofanya nakaa kwenye kona ya mikoko ili niwapate ubavuni. Nahodha nimekuvulia kofia.

#19 Beleshi
Naomba niingize kisa kinachomuunga mkono Mkwamkoro. Nimewahi kufanya kazi mashamba ya chumvi upande wa Saadani. Flamingo wakishuka kwenye majaruba, sisi tunapita juu ya kingo na matoroli, tunapiga kelele, wanasogea kidogo tu. Akija mgeni na kamera akishuka kwenye gari, wote juu. Siku moja mgeni mmoja akaniuliza nifanyeje, nikampa beleshi langu. Akaliweka begani, kamera kaificha kifuani ndani ya shati, akawa anatembea kwenye kingo anachota chumvi ya uongo. Alikaribia kuliko nilivyowahi kuona mgeni akikaribia.

#20 FundiLenzi
Beleshi, kamera aliificha kifuani. Kwa hiyo ni lenzi. Asante kwa ushahidi.

#21 Suka wa Saadani
Na beleshi begani likavunja umbo. Asante kwa ushahidi.

#22 Beleshi
Aisee. Mimi nilidhani ni mazoea. Wanyama wanajua ratiba ya watu.

Na angalizo kwa mnaokuja: weupe wa chumvi unadanganya kamera kinyume cha mbega, inatia giza, flamingo wanakuwa kijivu. Ongeza mwanga. Lenzi uipanguse kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi kwanza, ukiikausha na vumbi la chumvi umeikwaruza.

#23 Mla Kashata
Mimi nimeshachoka kufukuzana na wanaokimbia. Nimehamia kwa kinyonga. Hapo Amani usiku na tochi, kwa ruhusa na kiongozi wa hifadhi, unamkuta kalala nchani mwa tawi jembamba, kapauka karibu kuwa mweupe, anang'aa kwenye majani meusi. Mchana unapita hapo hapo usimwone. Yule wa pembe tatu wa Usambara ndiye ninayemtafuta kila mara. Dume ndiye mwenye pembe, jike hana. Wanasema analala nchani ili nyoka akipanda, tawi litikisike, aamke.

Tochi iweke usawa wa jicho lako, siyo kiunoni. Hapo macho ya komba yatakurudishia mwanga hata akiwa mbali juu.

#24 Binti Muheza
Huyo kinyonga ukimkuta usivunje tawi umpeleke kwenye mwanga mzuri. Nimeona watu wanafanya, wanamhamisha, wanampiga flashi usoni mfululizo, wanamwacha chini. Unamharibia usiku wake kwa ajili ya picha ya kuwekea watu WhatsApp.

#25 Mtoto wa Ngamiani
Kinyonga mimi simgusi hata kwa fimbo. Bibi yangu alitupa maelekezo ya kutosha.

#26 Mla Kashata
Na ndege wa msituni je, ambao unawasikia tu? Kuna kiongozi mmoja alinichezea sauti ya bundi kwenye simu, dakika chache bundi mwenyewe akajibu akaja. Hiyo naona ndiyo njia ya mkato kuliko zote.

#27 Mwalimu wa Zamu
Ni mkato kwako, kwake ni ugomvi. Ndege akisikia sauti ya dume mwenzake ndani ya eneo lake anadhani kavamiwa. Anaacha kiota, anaacha kulisha, anakuja kupigana na simu. Amani kuna ndege wachache sana duniani wasiopatikana kwingine, kama yule mshonaji mdogo mwenye mdomo mrefu anayejulikana Usambara ya Mashariki na sehemu moja ya Msumbiji. Kila mgeni akimchezea sauti, atataga saa ngapi?

#28 Mkwamkoro
Mwalimu ni kweli wakati wa viota. Lakini mara moja, kwa sauti ndogo, halafu ukazima, ni afadhali kuliko watu 6 kuvuruga vichaka siku nzima wakimtafuta. Nimeona yote mawili, vichaka vilivyokanyagwa ndivyo vibaya zaidi.

#29 Mwalimu wa Zamu
Tatizo hakuna anayecheza mara moja. Hilo unalijua.

#30 Mgambo Mstaafu
Mtu wa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, yupo? Mchana, kwenye majani makavu, unasikia kama mtu anatembea. Kaa kimya karibu na rundo la majani aliyojikusanyia, anarudi. Nimempiga kwa simu tu, shata ilibidi iwe haraka, yule hatulii hata kidogo.

#31 Chumbageni
Wakuu nimerudi. Jumamosi nilipanda tena. Nilizungumza na mama mmoja wa kuni, akaniruhusu nimfuate. Nilivaa shati la kahawia, kamera nikaitia kwenye kiroba nikakibeba begani. Tulikuwa tunashuka, siyo kupanda, tena ukungu ulikuwa mwingi. Tukaongea njia nzima habari za bei ya iliki.

Mbega walikuwepo. Tukapita chini yao, hawakuruka. Mama akaendelea, mimi nikakaa na mti mgongoni nikala muhogo. Nikatoa kamera kwenye kiroba. Dume akasimama, akaguna mara moja, wakapanda tawi la juu zaidi, wakakaa. Nimepata picha, mmoja kashika tawi unaona kabisa mkono hauna dole gumba. Kima sikuwaona.

#32 Mkwamkoro
Nilikwambia. Mwendo.

#33 Kusi na Kaskazi
Alikuwa anashuka asubuhi! Upepo huo.

#34 FundiLenzi
Dume kaguna lini? Kamera ilipotoka kwenye kiroba. Mimi sina la kuongeza.

#35 Suka wa Saadani
Kiroba begani, mti mgongoni. Umbo.

#36 Mwalimu wa Zamu
Kima hawakuwepo. Na ukungu pia. Chumbageni umebadilisha mambo 7 kwa mpigo, hapo hakuna jibu, hapo kuna pilau. Nenda tena ubadilishe kimoja kimoja.

#37 Binti Muheza
Kabla ya sayansi, yule mama umemlipa?

#38 Chumbageni
Nilimpokea mzigo hadi barabarani. Shingo inauma hadi leo. Picha zenyewe zimetikisika kidogo, nilipiga kwa shata ya 1/160 ya sekunde.

#39 FundiLenzi
1/160 kwa milimita 300, mikono imetoka kubeba kuni! Usishuke chini ya 1/500, pandisha ISO, ule wepesi wa kamera kwa mwanga, hadi 1600 au 3200, chenga kwenye picha siyo dhambi. Na kamera ukiitoa kwenye gari la kiyoyozi iache ndani ya begi ipate joto kwanza, Muheza unyevu wake unaweka ukungu ndani ya lenzi, kuvu ikiingia humo hakuna mchele utakaoitoa.

#40 Mkwamkoro
Njoo Jumapili asubuhi. Hakuna wachuma chai, hakuna wa shule, msitu umetulia.

#41 Beleshi
Jumapili ndiyo asije! Hakuna watu wa kawaida wa kupita, atakuwa peke yake tena. Aje siku ya kazi, saa ya watoto kutoka shule.

#42 Mtoto wa Ngamiani
Na abebe mapera.